Kitabu Kilichotaka Sauti

Wako watu wazima wengi katika parokia zetu waliojifunza kusoma zamani, kisha wakaacha. Ukiwapa kitabu wanajibu: "Miwani nimeisahau nyumbani." Sisi tunajua kwamba si miwani, ni haya. Wanaogopa kukwama mbele ya watoto wao. Kwa ajili yao twataka kueleza habari ya kitabu kimoja cha mji wetu wa Lubumbashi.

Mwaka 1965, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, André Yav aliandika historia yake kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa maboi, yaani watumishi katika nyumba za Wazungu. Humo alieleza jinsi mji ulivyoanza, na taabu walizozipata watumishi wale.

Yav aliandika Kiswahili cha Katanga kama kinavyosikika. Maneno mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati, na vituo ni haba. Anayekifuata kwa macho tu hupotea upesi. Hata Johannes Fabian, mtaalamu aliyepata kufundisha katika chuo kikuu cha hapa, alipata shida nacho. Basi mwenzake, Kalundi Mango, alikisoma kwa sauti. Kumbe, maneno yaliyofichika machoni yakafahamika masikioni! Mwaka 1990 kitabu kilichapishwa Amsterdam, pamoja na tafsiri yake. Kazi ya boi ikawa kitabu cha kusomwa na mabwana wa elimu.

Tunajifunza nini? Kwamba kukwama si ujinga. Wenye elimu kubwa nao walikwama, ikawalazimu kusoma kwa sauti na kusaidiana.

Kumbukeni pia yule mkuu wa Ethiopia katika Matendo ya Mitume. Alikuwa akisoma garini mwake, na Filipo akamsikia. Basi alisoma kwa sauti. Alipoulizwa kama anafahamu, hakuona haya kuomba msaada. Mwishowe akashika njia yake kwa furaha.

Nasi tufanye hivyo. Jioni, baada ya chakula, chukua ukurasa mmoja tu. Soma polepole, kwa sauti, watu wa nyumbani wasikie. Ukikwama, rudia. Ukishindwa, mwulize mtoto. Nanyi watoto, msicheke: mzazi anayesoma akikwama amewazidi wengi waliokwisha kufunga vitabu vyao.