Tamires: Mama aliyetundika daluga, akarudi na kubeba makombe

Mashabiki wengi wakisikia soka la wanawake Brazil wanamtaja Marta, na hawajakosea. Ila pembeni kushoto, kwa zaidi ya miaka kumi, kulikuwa na beki ambaye katikati ya ujana wake alishaachana na mpira kabisa.

Anaitwa Tamires Cássia Dias de Britto, mzaliwa wa Caeté, jimbo la Minas Gerais, Oktoba 10, 1987. Alipozaliwa, haikuwa hata miaka kumi tangu Brazil iondoe marufuku iliyowazuia wanawake kucheza soka kuanzia 1941 hadi 1979.

Akiwa na miaka 21 akapata ujauzito. Mumewe naye alikuwa mwanasoka, na kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, kazi ya baba ndiyo iliyopewa nafasi. Tamires akatundika daluga, akalea mtoto na kumfuata mume kila alikosajiliwa. Wakati huo hakukuwa na kanuni ya kumlinda mchezaji mjamzito. Ile ya FIFA inayotaka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa malipo ya angalau theluthi mbili ya mshahara, ilianza Januari 2021. Kwake ilikuwa imechelewa zaidi ya miaka kumi.

Kilichofuata ndicho kinachoshangaza. Mwaka 2013 alikuwa Centro Olímpico ya São Paulo, timu iliyobeba ubingwa wa Brazil msimu huo, na mlango wa timu ya taifa ukafunguka. Miaka miwili baadaye alicheza Kombe la Dunia nchini Canada, kisha akasaini Fortuna Hjørring ya Denmark. Safari hii mume ndiye aliyefungasha mizigo na kumfuata mkewe, pamoja na mtoto.

Alikaa Denmark miaka minne na kuchukua ubingwa wa ligi mara mbili. Kombe la Dunia la 2019 nchini Ufaransa lilipoanza, ndiye alikuwa mama pekee kwenye kikosi cha Brazil.

Kisha akarudi nyumbani, Corinthians. Hapo makombe yalimiminika. Mwaka uleule wa 2019 wakatwaa Copa Libertadores, wakarudia 2021, 2023 na 2024. Ligi ya Brazil waliibeba mfululizo kuanzia 2020. Fainali ya 2022 dhidi ya Internacional iliingiza watu 41,070 uwanjani, na Corinthians wakashinda 4-1.

Uwanjani, Tamires si beki wa kukaa nyuma na kubutua. Anapanda, anapiga krosi kwa mguu wa kushoto, na akipoteza mpira anageuka kuukimbilia. Copa América ya 2022 Brazil walibeba ubingwa bila kuruhusu bao hata moja katika mechi sita, yeye akiwa beki wa kushoto.

Machungu nayo anayajua. Olimpiki ya Rio 2016, Brazil walitolewa nusu fainali kwa penalti na Sweden mbele ya mashabiki wao pale Maracanã. Aprili 2023, kwenye Finalissima dhidi ya Uingereza pale Wembley, mbele ya watu 83,132, mechi ilikwenda tena kwenye matuta. Tamires akapiga, kipa Mary Earps akapangua, na England wakashinda 4-2. Miezi michache baadaye, kwenye Kombe la Dunia, sare ya 0-0 na Jamaica iliwarudisha nyumbani mapema, hatua ya makundi.

Wengi walidhani hapo ndipo mwisho. Bado aliitwa Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 36. Marekani waliifunga Brazil 1-0 fainali, na Tamires akarudi na medali ya fedha. Oktoba 2025, siku chache baada ya yeye kutimiza miaka 38, Corinthians wakabeba tena Libertadores.