Cherehani ya Wenela

Tandiko ninalolalia lilikuwa na vipande 214. Nilivihesabu Aprili 2020, nyumbani kwangu Ipinda, Kyela, shule zikiwa zimefungwa tangu katikati ya Machi kwa ajili ya korona, na wajukuu watatu wakinizunguka toka asubuhi hadi jioni. Nilitaka tu kuwapa la kufanya. Tukalitandaza juani, na kila tulipofika kwenye kipande nilichokijua nikawaambia kilikotoka: hiki ni kaniki ya bibi yangu, hiki shati la babu, hiki mfuko wa unga. Mkubwa wao akauliza, "Na cherehani yenyewe, bibi, ilitoka wapi?"

Ukiuliza swali hilo huku kwetu, wengi watakujibu kwamba kushona kuliletwa na wamisionari. Si uongo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1894 wakashuka bondeni wakajenga Ipyana, jirani na ulipo mji wa Kyela leo. Wamisionari wa Berlin nao walikuwa upande wa mashariki, chini ya milima ya Livingstone. Wake wa wamisionari waliwafundisha wasichana kushika sindano, na nguo ya kwenda kanisani ikawa alama ya aliyebatizwa. Kabla ya hapo wazee wetu walivaa magome ya miti yaliyopondwa yakalainika, na pete za shaba viunoni. Merikani na kaniki zilikuja na wafanyabiashara, taratibu, na kwa miaka mingi zikabaki nguo za wenye uwezo.

Lakini sindano ya mkono ni jambo moja na cherehani ni jingine. Cherehani ilikuwa ya misheni, au ya fundi aliyeketi barazani mwa duka, na fundi huyo alikuwa mwanamume. Mama wa kijijini aliishia kupeleka kitambaa na kusubiri. Mashine ya kwanza kuingia katika nyumba yetu haikupitia misheni wala dukani. Ilikuja kwa njia ya Wenela, na naamini zipo nyumba nyingi za bonde hili zenye habari kama hiyo, ila haziandikwi.

Wenela ndivyo wazee walivyoliita shirika la Witwatersrand Native Labour Association, lililoundwa mwaka 1900 kukusanya vibarua wa migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Mwaka 1913 serikali ya kule ilipiga marufuku kuchukua watu wa nchi za joto za kaskazini, kwa sababu walikuwa wanakufa kwa wingi kwa homa ya mapafu. Miaka ya 1930 mlango ukafunguliwa tena. Vijana wetu, ambao tayari walikuwa wamezoea kupanda kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakaenda mbali zaidi. Niliwaeleza wajukuu habari hiyo ya 1913 huku redio ikitangaza habari za mapafu, na nilinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Babu aliondoka mwaka 1950, akarudi 1953. Alirudi na sanduku la bati, mablanketi mawili, na ndani ya blanketi moja Singer ya mkono, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu. Namba yake inaanza na herufi E, alama ya kiwanda cha Clydebank kule Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Kwa hiyo ilitoka Uskoti ikaenda Afrika Kusini, kisha ikapanda mpaka kichwani mwa Ziwa Nyasa kichwani kwa mtu.

Nia ya babu ilikuwa kuketi barazani kama mafundi aliowaona mjini. Hakuweza. Uzi ukikatika mara tatu anasimama, anashika jembe, anaelekea kwenye mpunga. Bibi ndiye aliyeuzoea ule mpini. Alipenda hasa kile kichuma kinachobeba uzi wa chini, chembamba, kimechongoka mbele. Alisema ni mtumbwi wa Wakisi, watu wa ziwani, unavuka na kurudi bila kuzama. Baada ya uhuru wa 1961 safari za Wenela zilikoma, mashine ikabaki.

Tandiko lilianza na yeye. Watu wa pwani wana mfarishi, wenye pamba katikati. Sisi tuna misufi ya kutosha, ila kwa joto la Kyela nani atajifunika usufi? La kwetu ni viraka juu na mifuko ya unga chini, basi, la kutandika juu ya mkeka.

Katikati yake kuna sehemu nzito, vipande vidogo kama kiganja, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni ya miaka ya baada ya vita vya Kagera, hadi karibu 1985. Nguo ilikuwa haipatikani. Duka la ushirika likipata kitambaa, foleni inaanza usiku, na mgawo ni wa kaya. Waliothubutu walivuka Songwe usiku kufuata chitenje cha Malawi, na mwaka 1983, ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, hata hao wakaogopa. Bibi hakutupa hata ukosi wa shati. Nilikuwa msichana, nikizungusha mpini yeye akiongoza kitambaa. Baada ya hapo ikaja ruksa ya biashara, mitumba ikajaa, na vipande vya tandiko vikawa vikubwa tena.

Mwaka 2020 watu walihimizwa kushona barakoa za kitambaa. Nilishona za kitenge, tabaka mbili, za majirani na za kwaya. Mei mashine ikaanza kuruka mshono. Fundi wa Kyela mjini aliutoa ule mtumbwi wa bibi, akapitisha ukucha kwenye ncha, akaniambia, "Mama, chuma kimelika. Hiki hakinolewi." Unyevu wa huku, na miaka 67 ya uzi. Nililia mbele yake, sikuona haya.

Mpunga ulipovunwa nikauza magunia matatu, nikapanda gari hadi Mwanjelwa, Mbeya, nimefunika pua na mdomo. Nilirudi na Butterfly ya miguu, ya Shanghai. Bobini yake ni ya duara. Miguu yangu ilichukua wiki nzima kuelewana nayo, maana mkono wa kulia ulikuwa bado unatafuta mpini.

Tarehe 29 Juni shule zilifunguliwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo mjukuu mkubwa alichukua kipande kilichobaki cha kitenge cha barakoa, cha bluu chenye ndege wa njano, akakishona mwenyewe pembeni mwa tandiko. Ni kipande cha 215. Mshono wake ni mdogo na umekaza kuliko mingine yote. Ukipitisha kidole gizani unajua umefika.