Sarafu ya Haki na Deni Lake

Wahenga wetu walinena kwamba ahadi ni deni. Usemi huu tumezoea kuutumia baina ya mtu na mwenzake. Katika insha hii twakusudia kuupima juu ya taifa zima, na kipimo chetu ni kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu hukishika kila siku bila kukitazama, nacho ni sarafu.

Serikali inapochora sura au maneno juu ya sarafu, huwatangazia raia na wageni jambo inaloliheshimu. Tanzania ilipotoa shilingi yake ya kwanza mnamo 1966, upande mmoja uliwekwa mkono ulioshika mwenge. Mchuuzi wa sokoni aliyeipokea shilingi hiyo alipokea pamoja nayo habari kwamba nchi yake i huru.

Mnamo 2019 Afrika Kusini iliadhimisha miaka 25 ya demokrasia kwa sarafu za namna hiyo. Moja ilikuwa ya randi 5, nayo yaonyesha foleni ya wapiga kura. Nyingine tano zilikuwa za randi 2, na kila moja ilipewa haki yake: haki za watoto, haki ya elimu, uhuru wa kwenda na kukaa mahali popote, haki ya mazingira, na uhuru wa dini, imani na maoni. Sarafu hizo ziliingizwa katika mzunguko wa kawaida, zipate kununulia mkate na kulipia nauli.

Ili tufahamu uzito wa jambo hilo, yatupasa turudi nyuma. Mwezi Mei 1948 chama cha makaburu kilishinda uchaguzi ambao Waafrika, walio wengi nchini, walikuwa wamenyimwa kura. Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Tangazo la Haki za Binadamu, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi 8 zilizokataa kuliunga mkono kwa kura. Yaliyofuata yalieleza sababu. Sheria ya 1952 ilimlazimisha Mwafrika kuchukua kitabu cha pasi kila aendako, na asiyekuwa nacho alikamatwa. Ndugu zetu wa Kenya walikijua kitu cha jinsi hiyo: kipande, kilichotiwa ndani ya kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni. Sheria ya 1953 nayo iliwawekea watoto wa Kiafrika elimu duni, iliyokusudiwa kuwaandalia utumishi.

Haki zilizochorwa juu ya sarafu zilidaiwa kwa gharama kubwa. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana mjini Pretoria kuzipinga pasi. Tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika kwa ajili hiyo hiyo, wakawaua 69. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto walikataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, na wengi wao waliuawa. Baadhi ya walionusurika walikimbilia kwetu. Huko Mazimbu, Morogoro, Tanzania ilikuwa imewapa wapigania uhuru wa ANC ardhi, nao wakajenga shule iliyokuja kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Kwa hiyo haki ya elimu, kabla ya kuchorwa juu ya randi, ilifundishwa katika madarasa ya Mazimbu.

Utawala wa makaburu nao ulikuwa na sarafu yake mashuhuri, Krugerrand, ya dhahabu, iliyoanza kutolewa mnamo 1967. Dhahabu hiyo ilichimbwa na Waafrika wa nchi nyingi kwa ujira mdogo. Hata hivyo wapenda haki duniani waliikataa, na mnamo 1985 Marekani ilipiga marufuku kuiingiza nchini mwake. Wema wa madini haukuweza kuficha ubaya wa mkono ulioyatoa. Randi 2 ya mwaka 2019 si ya dhahabu, lakini yapita kutoka mkono wa mweusi hadi wa mweupe, kutoka kitongojini hadi mjini, wala hapana askari wa kuwauliza wenye mikono hiyo kitabu cha pasi.

Rais Nelson Mandela aliitia sahihi Katiba mpya huko huko Sharpeville, tarehe 10 Desemba 1996. Hapo ahadi ilifungwa. Ila deni lake lingali linadaiwa. Mnamo 2008 wageni waliotoka nchi jirani za Afrika walivamiwa katika vitongoji vya Afrika Kusini, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Mnamo 2014, katika jimbo la Limpopo, mtoto wa miaka 5 alitumbukia katika choo cha shimo cha shule yake akafa. Mtoto huyo alikuwa na haki ya kuishi na haki ya kusoma, zote mbili zimeandikwa katika Katiba. Miaka mitano baadaye nchi yake ilitoa sarafu ya haki za watoto na sarafu ya haki ya elimu. Mzazi wake akipewa chenji dukani, huenda akazipokea zote mbili.

Hatusemi haya ili kuwacheka wenzetu. Kila taifa, na letu likiwamo, limeandika mema kuliko lilivyotenda. Tunasema kwa kuwa sarafu hutufundisha jambo moja lililo wazi: mwenye kuitoa ndiye mwenye kudaiwa. Mwalimu na awape wanafunzi wake sarafu wazitazame, wasome kilichoandikwa, kisha waulize ni nani aliyeahidi, na kama amelipa.