Fukara Ni wa Parokia Gani?

Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, halmashauri za Uingereza, ukiacha Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, zilitumia takriban pauni bilioni 2.3 kuwapa watu makazi ya muda: vyumba vya hoteli, nyumba za kulala wageni, vyumba vinavyokodiwa kwa bei ya usiku mmoja mmoja. Machi 2024, kaya zaidi ya 117,000 zilikuwa zikiishi hivyo. Fedha hizo hulipia usiku, hazijengi nyumba. Wengi wakiitazama hesabu hiyo hulaumu ughali wa London, au wahamiaji, au uzembe wa madiwani. Chanzo kiko nyuma zaidi, katika mpango wa fedha wenye umri wa zaidi ya miaka 400: wajibu wa kumsitiri asiye na pa kulala umewekwa mabegani mwa mamlaka ndogo kuliko zote, huku mfuko mnono ukibaki kwa mkubwa. Mamlaka iliyobebeshwa mzigo wa namna hiyo huwa hodari sana, lakini hodari wa kulinda mlango.

Sheria ya Maskini ya 1601, zama za Malkia Elizabeth I, ilizitaka parokia, yaani mamlaka ndogo kabisa za mahali, ziteue waangalizi wa maskini na kuwatoza kodi wenye nyumba na mashamba ili wasiojiweza watunzwe. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa msaada uliacha kutegemea huruma tu, ukawa kodi ya lazima. Ila parokia nyingi zilikuwa vijiji, na mkulima aliyetozwa alimjua kwa jina anayekula kodi yake. Haikushangaza kwamba mwaka 1662 Bunge lilipitisha Sheria ya Ukaazi, iliyoruhusu mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka arudishwe kwao ikiwa, ndani ya siku 40, angeonekana huenda akaja kuwa mzigo. Huyo alikuwa bado hajaomba hata mkate. Na kwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alikozaliwa, mjamzito asiye na mume ndiye aliyeogopwa kuliko wote. Waangalizi walifanya kila hila kumvusha mpaka kabla uchungu haujamshika. Mahakimu wawili walitia saini, mwanamke akaondolewa. Kisha parokia mbili ziliburutana mahakamani, zikiwalipa mawakili fedha ambazo zingemlisha mama na mwanawe miaka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapa kila parokia ilijua vizuri uzito wa mzigo, ndiyo maana ilitaka ubebwe na jirani.

Mwaka 1834 parokia ziliunganishwa katika miungano mikubwa yenye nyumba za kazi, mahali ambapo fukara alipewa chakula na kitanda kwa masharti makali ya makusudi. Lakini kila parokia iliendelea kulipia fukara wake ndani ya muungano, na tabia ya kulinda mlango ikaendelea. Katika vijiji vilivyomilikiwa na mwenye ardhi mmoja au wawili, vibanda vya vibarua vilibomolewa, au havikujengwa kabisa, ili mtu asipate pa kuishi na hatimaye haki ya kutunzwa. Vibarua wakajazana katika vijiji vya jirani, wakitembea maili kadhaa alfajiri kwenda kulima mashamba ya mtu yule yule aliyewakataa. Ajira ilibaki na mwenye ardhi, gharama akaisukumia kijiji kingine. Mchezo huo uliondolewa maana yake na sheria ya 1865, iliyoagiza gharama zote zilipwe kutoka mfuko mmoja wa muungano. Bunge halikuhitaji kuwahubiria wenye ardhi kuhusu utu. Lilibadilisha tu mahali bili inapopelekwa.

London ilitoa ushahidi wa wazi zaidi. Wasimamizi wa nyumba za kazi walikuwa wakiwafukuza usiku wapita njia wasio na pa kulala, kila mtaa ukiogopa kugeuka dampo la mafukara wa jiji zima. Sheria ya 1864 iliwaamuru wawapokee, na safari hii amri ilikuja na malipo: gharama zilirejeshwa na Bodi ya Kazi za Jiji, kutoka mfuko wa London yote. Vyumba vya usiku vikafunguliwa. Havikuwa vizuri. Januari 1866 mwandishi James Greenwood alijifanya hana makazi, akalala katika kimoja cha Lambeth, na kueleza katika gazeti la Pall Mall Gazette kuhusu maji ya kuogea yaliyokuwa na rangi ya mchuzi mwepesi wa kondoo. Jiji lilishtuka. Ila msomaji makini aone pia kwamba mlango ulikuwa wazi, na uliachwa wazi na hesabu za fedha.

Mpinzani wa hoja hii atasema kwamba anayelipiwa na mwingine hutapanya, na wahitaji hufuata mahali penye ukarimu. La kwanza lina ukweli wake. Mwaka 1871 masharti ya vyumba hivyo yalikazwa kwa hofu hiyo hiyo. Lakini la pili linabomoa hoja ya mwenye kulisema. Kama watu hufuata mtaa unaotoa, basi mtaa unaojilipia utajifunza kutotoa, na suluhisho ni mitaa yote kuchangia chungu kimoja. Madiwani 30 wa Poplar, mashariki mwa London, walikubali kufungwa jela mwaka 1921 kwa ajili ya hoja hii. Poplar ilikuwa na mafukara wengi na majengo ya thamani ndogo. Kiwango kile kile cha kodi kiliingiza fedha nyingi zaidi katika mtaa tajiri wa Westminster. Wakiongozwa na George Lansbury, waligoma kukusanya michango ya mamlaka za jiji zima. Walikaa gerezani wiki sita, wakifanya vikao vya halmashauri humo humo, na Bunge likapitisha haraka sheria ya kusambaza gharama za maskini London nzima.

Katika kuitawala Afrika Mashariki, Waingereza walichagua kipi cha kuleta kutoka kwao. Sheria yao ya Uzururaji ya 1824, iliyomwadhibu aliyelala nje au kuombaomba, ilizaa vifungu katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanganyika. Kodi ya kuwatunza maskini haikuletwa. Nairobi ya kikoloni iliwarudisha katika rizevu, yaani maeneo yaliyotengewa wenyeji, Waafrika walioonekana hawana kazi, kama parokia ya 1662, bila hata mwangalizi wa kuwapokea huko. Ilifika Desemba 2020 ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilipotoa maoni kwamba sheria za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki hizo.

Huko Uingereza, Sheria ya Maskini ilifutwa mwaka 1948. Sheria ya 1977, iliyoletwa na mbunge Stephen Ross, ilizipa halmashauri wajibu wa kuwapatia nyumba wasio na makazi, lakini ikaweka masharti: uwe katika kundi la kipaumbele, usiwe umejitakia mwenyewe, na ukikosa uhusiano na eneo hilo uweze kuhamishiwa halmashauri uliko na uhusiano. Sharti la mwisho ni mjukuu wa 1662. Na kuwavusha watu mpaka hakukuisha: mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua dhidi ya halmashauri ya Westminster, iliyotaka kumpeleka mama mwenye watoto watano karibu na Milton Keynes, mbali na London. Halmashauri hazifanyi hivyo kwa roho mbaya. Ruzuku ya serikali kuu kwa makazi ya muda ilifungwa kwenye asilimia 90 ya viwango vya posho ya pango vya Januari 2011, na ikabaki hapo kwa zaidi ya miaka kumi huku pango likipanda. Tofauti hulipwa na halmashauri, hivyo kumhamisha mtu mbali hupunguza bili.

Wapo wanaotetea mpango huu kwa kusema diwani anawajua watu wake kuliko waziri. Ni kweli, na ndiye anayefaa kuchagua nyumba ipi na huduma gani. Kumjua mtu ni jambo moja, kumlipia ni jingine. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali kuu iliziagiza halmashauri ziwaingize ndani wote wanaolala nje, bila kuuliza kipaumbele wala uhusiano na eneo, ikiahidi fedha. Kufikia Januari 2021 zaidi ya watu 37,000 walikuwa wamesaidiwa. Maofisa walikuwa wale wale.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba fedha, kutoka popote, haziwezi kumweka mtu katika nyumba isiyokuwepo. Nalikubali, ila tuulize kwa nini haipo. Miaka ya mwanzo ya 1950 halmashauri zilijenga hadi takriban nyumba 200,000 kwa mwaka. Kuanzia 1980 wapangaji walipewa haki ya kununua nyumba hizo kwa punguzo, na sheria ya 1989 ikaagiza robo tatu ya mapato ya mauzo itengwe kwa ajili ya madeni badala ya kujenga nyingine. Leo baadhi ya halmashauri za London hukodi, kwa ajili ya wasio na makazi, nyumba zilizokuwa zao wenyewe, kutoka kwa wamiliki walionunua kwa punguzo hilo.