Mahali pa Kuanzia Hadithi

Msomaji kijana, pengine hudhani ya kuwa kuandika historia ni kukusanya miaka na matukio, kuyapanga moja baada ya jingine, na kazi ikaisha. Lakini rundo la miyaa si mkeka. Miyaa husukwa ukili, na ukili hushonwa, ndipo mkeka utandikwe. Matukio nayo hayawi hadithi mpaka yapate mambo matatu: msuko, ndio uhusiano wa sababu na matokeo, sauti, ndiyo hisia isikikayo katika maneno ya mwandishi, na mpango, ndio utaratibu wa kutanguliza hili na kuchelewesha lile.

Chukua mfano wa Mashimoni, kijiji kimoja katika vijiji vya Kibera, mjini Nairobi. Nyumba zimebanana, na wengi wa wakazi ni wapangaji. Mtu akiuliza, "Watu walifikaje hapa, na ardhi hii ni ya nani?" aweza kupata majibu matatu, na yote yakawa yametungwa kwa matukio ya kweli.

Mwandishi wa kwanza huanza na askari. Husimulia habari za Wanubi, askari waliotoka Sudani, wakatumikia jeshi la Waingereza lililoitwa Keya. Walipomaliza utumishi walikaa katika pori lililo kando ya Nairobi, wakaliita Kibra, maana yake msitu. Mwaka 1918 Serikali ilitangaza ekari 4,197 za mahali hapo kuwa ardhi ya jeshi. Katika msuko huu utumishi ndio sababu na makao ndiyo malipo, na sauti yake ni ya mtu adaiye haki yake.

Mwandishi wa pili huanza na sheria. Kwake ardhi ilikuwa mali ya Serikali tangu mwanzo, na wakazi walikaa kwa ridhaa yake tu. Hivyo ndivyo ilivyoamua Tume ya Ardhi ya Kenya katika taarifa yake ya mwaka 1933, ingawa ilikiri kuwa Serikali ina wajibu kwa wazee wale wa jeshi. Sauti ya mwandishi huyu ni baridi. Hasemi "walipewa", husema "waliruhusiwa". Na neno hilo moja laweza kumwondoa mtu nyumbani kwake.

Mwandishi wa tatu huanza na mpangaji. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, watu wengi walitoka mashambani kutafuta kazi mjini, wakakosa nyumba wanazoweza kuzilipia, wakapanga vyumba Kibera. Katika msuko huu sababu ni haja ya kazi na uhaba wa nyumba. Anayeitwa mvamizi katika hadithi nyingine, hapa ni mfanyakazi alipaye kodi kila mwezi.

Umeona, msomaji, ya kuwa hakuna hata mmoja aliyesema uwongo. Walitofautiana pale walipoanza, na kwa kuanza pale, kila mmoja alikwisha chagua nani awe mwenyeji na nani awe mgeni. Tena wote watatu wamewasahau Wamaasai, waliolisha na kunywesha mifugo yao katika nchi hiyo kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899.

Usidhani haya ni mambo ya darasani tu. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya kumiliki ekari 288 za Kibera. Mwenye kuanza hesabu na pori tupu ataziona ekari hizo kuwa zawadi. Mwenye kuanza na zile 4,197 ataziona kuwa masalio. Na mpangaji wa Mashimoni atauliza katika hadithi hiyo yeye yuko wapi.

Basi, usomapo historia yoyote, jiulize: Mwandishi ameanza wapi, na kwa nini hapo? Amechagua maneno gani kuwataja watu? Nani amewekwa mbele, na nani ameachwa nje ya mlango? Na zamu yako ya kuandika itakapofika, usikimbilie sentensi ya kwanza iliyo rahisi. Waulize kwanza wale ambao mwanzo huo ungewasahau, maana ni vigumu kumtafutia nafasi katikati ya hadithi mtu aliyefungiwa nje tangu mwanzo wake.