Simu Moja na Kompyuta ya Mbali

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mlioshika nafasi zetu madarasani,

Siku hizi fundi aketiye nyumbani kwake huweza kuitengeneza kompyuta iliyo nchi nyingine. Kazi hiyo ina historia ndefu, na sehemu yake moja ilitokea katika shule ya sekondari.

Mwaka 1968 Lakeside, mjini Seattle, Marekani, ilikuwa shule ya wavulana watupu. Kompyuta za wakati ule zilikuwa ghali mno. Basi kina mama wa wanafunzi wakauza vitu vilivyokwisha kutumika, na kwa fedha hizo wakaipatia shule mashine ya Teletype pamoja na saa za kutumia kompyuta ya General Electric. Kompyuta yenyewe haikuwapo shuleni. Ilifikiwa kwa simu, na watu wengi waliitumia kwa zamu fupi fupi.

Modemu ndiyo iliyogeuza herufi kuwa milio ya simu, na milio kuwa herufi tena. Mashine ile ilipiga herufi 10 tu kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 1,800 ulichukua dakika 3, na muda huo ulilipiwa. Kwa hiyo mwanafunzi aliandika kwanza programu yake kwa lugha ya BASIC, iliyoanza kutumika chuoni Dartmouth mwaka 1964, akaitoboa katika utepe wa karatasi kabla ya kupiga simu. Alipounganishwa aliupitisha utepe, akapokea jibu, akampisha mwenzake. Asiyejitayarisha alikula fedha za wote. Hata hivyo, fedha ziliisha mapema.

Mwaka huohuo ilianzishwa mjini humo kampuni iliyoitwa Computer Center Corporation, yenye kompyuta aina ya PDP-10. Baadhi ya vijana wale walipewa saa za bure, na malipo yao yakawa kutafuta kasoro za programu zake. Lakini wapo pia waliozitumia kasoro hizo kujipatia saa bila ruhusa, nao wakafungiwa kwa muda. Hapo ndipo penye fundisho: afikiaye mashine ya mbali ameaminiwa mali ya watu asiowaona. Kampuni ilifunga milango mwaka 1970.

Wawili kati ya vijana hao, Bill Gates na Paul Allen, walianzisha Microsoft mwaka 1975. Wengi hukumbuka utajiri wao, wakawasahau kina mama waliolipia simu.

Vijana, mitambo yenu ni ya kasi kubwa, lakini kujitayarisha, kupishana na uaminifu havijapitwa na wakati. Nasi tuliokwisha maliza, tujiulize ni mlango gani tunaoufungua kwa wanaotufuata. Kidole kimoja hakivunji chawa.