Sifuri Tatu Zilizokutana Unyanyembe

Tarehe 7 Novemba 1857, wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kaze, katika nchi ya Unyanyembe ambako baadaye ulikua mji wa Tabora, wakiwa wamechoka kwa safari ya miezi zaidi ya minne kutoka pwani, aliyewakirimu alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa Harithi aliyeanza maisha yake Maskati kwa kupika halua, kisha biashara ya pembe za ndovu ikamtajirisha pasipo kumpunguzia mapenzi ya vitabu. Katika mji huohuo alikaa Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi mwenye asili ya Surat, aliyekuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa mwanzo wa kigeni kufika bara hiyo. Wasafiri wengi wameandika juu ya tembe zao, mashamba yao na pembe walizozirundika. Ama mimi nataka kuandika juu ya kitu kidogo kuliko ushanga mdogo kabisa uliopita katika njia ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji, nacho ni sifuri, ambayo ilifika Unyanyembe kwa njia tatu na katika sura tatu mbalimbali.

Ya kwanza ilikuwa nukta, nayo ilikuja na Waarabu. Chimbuko lake ni Bara Hindi, ambako mwaka 628 mwanachuoni Brahmagupta aliweka kanuni za kuhesabu kwa sifuri kama zilivyokuwapo za hesabu nyinginezo, naye kwa kuzieleza alitumia maneno ambayo mfanyabiashara yeyote wa njia ya Ujiji angaliyafahamu bila ya kufundishwa, yaani mali na deni: deni likiondolewa katika sifuri huwa mali, na mali ikiondolewa katika sifuri huwa deni. Kutoka huko elimu hiyo ilihamia Baghdadi, ambako katika karne ya 9 al-Khwarizmi aliandika kitabu juu ya hesabu ya Kihindi, na Waarabu wakaiita alama ile *sifr*, maana yake kitu kitupu. Basi msomaji azingatie jambo moja linalonipendeza mno. Katika hati ya Kiarabu isiyotiwa irabu, herufi tatu za sadi, fe na re huweza kusomeka sifuri ya hesabu. Huweza kusomeka sufuri, yaani shaba, ambayo ndiyo iliyotupatia sufuria. Na huweza kusomeka Safar, ule mwezi tuuitao Mfungo Tano, ambao wanazuoni wa lugha wamesema uliitwa hivyo kwa kuwa nyumba zilibaki tupu watu walipotoka kusafiri. Utupu, shaba na nyumba zilizoachwa na wasafiri: mambo yote matatu yalikuwamo katika misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo na nyaya zake za shaba, hata ikavuka Ugogo na Mgunda Mkali.

Sifuri ya pili ilikuwa kiduara, nayo ilikuja na Wahindi katika tarakimu za Kigujarati. Wenye fedha za misafara, kama Jairam Sewji na Taria Topan wa Unguja, walikuwa watu wa pwani, na mali waliyomkopesha mtu kama Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, ilikwenda bara ikiwa merikani, kaniki na ushanga, ikarudi baada ya miaka ikiwa frasila za pembe. Kwa hiyo mkopeshaji na mkopaji, ingawa walisema Kiswahili kimoja, kila mmoja aliandika tarakimu za kwao: mkopeshaji alipotaka kumi alifuatisha moja kwa kiduara, na mkopaji kwa nukta. Tena katika tarakimu za Kiarabu kiduara ni tano, hata asiyezijua akiona alama hiyo hudhani ni sifuri, kumbe tano nzima zimesimama mbele yake.

Lakini isidhaniwe kuwa Wanyamwezi, ambao ndio walioibeba biashara ile mabegani, hawakujua kuhesabu kabla ya nukta kufika. Anayehesabu kwa kinywa hana haja na sifuri. Asemapo mia na moja, makumi yasiyokuwapo huyaruka kimya kimya, na msikilizaji hapotei. Ni kalamu peke yake inayolazimika kuweka alama mahali pasipo kitu, ili mia na moja isije ikageuka kumi na moja. Kirangozi aliyeongoza mamia ya watu, kila mmoja na mzigo wa kadiri ya frasila mbili, aliweza kujua idadi ya mizigo yake barabara bila ya kuandika hata herufi moja. Fauka ya hayo, kila achezaye bao anaufahamu utupu wenye kazi: katika mashimo 32 na kete 64, kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu mchezaji hulala, na zamu humwendea mwenziwe. Shimo lile halina kete, na hata hivyo ndilo lililoamua. Wanafalsafa walijadili kwa karne nyingi juu ya *adam*, yaani kutokuwapo, wakiuliza vipi kisichokuwapo kiweze kusemwa kuwa kipo, na shina la neno hilo ndilo lililotuachia adimu. Mimi naona kuwa mchezaji wa bao anaweza kuwajibu kwa kidole.

Wala sitaficha kuwa kalamu hiyohiyo iliwahesabu binadamu. Njia ya Unyanyembe ilipitisha watumwa pamoja na pembe, na mtu aliyetiwa katika hesabu ya bidhaa alikuwa tarakimu moja kati ya tarakimu, asijue hata ilivyoandikwa. Kwangu mimi hili ni ovu lisilosahihishwa na uzuri wowote wa elimu ya hesabu.

Sifuri ya tatu ilikuja na Wajerumani, waliomshinda Isike, mtemi wa Unyanyembe, mwezi wa Januari 1893. Nayo ilikuwa ileile ya Kihindi, iliyozunguka kwa mbali: Leonardo wa Pisa alijifunza tarakimu hizo ujanani katika bandari ya Bejaia, Algeria, ambako baba yake alifanya kazi ya forodha, akazieneza kwa Wazungu katika kitabu chake cha mwaka 1202. Rupia ya Wajerumani kwanza iligawanywa kwa pesa 64, idadi ya kete za bao. Mwaka 1904 wakaamuru igawanywe kwa heller 100, yaani moja na sifuri mbili. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ya njia ile kuu ikafifia.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoitenga koloni ya Wajerumani na bahari, sarafu zilipungua, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha kupiga fedha. Zilipigwa rupia 15 za dhahabu zenye sura ya tembo, na kwa ajili ya watu wa kawaida heller 5 na heller 20 za shaba, ya pili ikiwa na mbili na sifuri: sifuri iliyopigwa chapa juu ya sufuri. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia mjini.